Mwenye "Harusi" Yake: Marehemu Patrick Balisidya



Nenda kwenye sherehe ya arusi Kariakoo, Ilala au Magomeni. Usiku ukikolea, wimbo "Harusi" utapigwa, na wazee kwa vijana watainuka pamoja. Juzi niliwauliza wenzangu mezani mwenye wimbo ule ni nani. Aliyenijibu ni mama mmoja tu, tena mpishi, aliyekuwa akipita na sinia.

Mwenyewe ni marehemu Patrick Balisidya. Alizaliwa mwaka 1946 Mvumi, Dodoma, na baada ya masomo akaja Dar es Salaam. Mwaka 1967 aliingia Dar es Salaam Jazz, bendi kongwe ya tangu 1932. Hakukaa sana. Mwaka 1970 alianzisha ya kwake, Afro 70, na mtindo wao wakauita Afrosa. Alitunga, aliimba, alipiga gitaa na kinanda.

Zama zile bendi nyingi zilikuwa chini ya jumuiya au majeshi: NUTA, Polisi, JKT. Wanamuziki wao walipewa vyombo na mishahara. Bendi ya mtu binafsi ilijitegemea kwa kila kitu, hata waya wa gitaa. Pamoja na hayo, mwaka 1977 Afro 70 iliiwakilisha Tanzania kwenye tamasha la FESTAC, Lagos.

Sasa mnisikilize, ninyi mnaosoma Kanuni ya Archimedes. Huko Sweden palikuwa na bendi iliyojiita Archimedes Badkar, yaani hodhi la kuogea la Archimedes. Walichanganya roki, jazi na muziki wa Asia na Afrika, na kipande kimoja kiliweza kupita dakika kumi. Vijana hao walirekodi santuri ndefu pamoja na Balisidya, ikatoka kwa jina la Kiswahili, "Bado Kidogo". Mtoto wa Mvumi aliwafikisha Wazungu kwenye Afrosa, wala si yeye aliyewafuata kwenye roki yao.

Mbona basi hatumjui? Nchini hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Tulitegemea Nairobi, na mwaka 1977 mpaka ukafungwa. Ikabaki redio. Redio ilitupa wimbo tukaupenda, lakini redio haina jalada la kusoma jina la mtunzi. Wimbo ukawa wa wote, mtunzi akawa si wa yeyote.

Balisidya alifariki Agosti 2004. Wimbo wake ungali unawatoa maharusi ukumbini.

Nina ombi moja kwa kamati ya sherehe yetu. Siku ya kukutana, "Harusi" ikipigwa, na najua itapigwa, mshereheshaji amtaje mtunzi kwanza, jina lake lote. Halafu ndipo tucheze.