Patrick Stewart: Kabaila aliyejenga makasri kwa jasho la wanavisiwa

Tarehe 6 Februari 1615, Patrick Stewart, Earl wa Orkney na bwana wa Shetland, alikatwa kichwa mjini Edinburgh kwa kosa la uhaini. Mfalme aliyemwacha afe, James wa Sita, alikuwa binamu yake. Zaidi ya miaka 400 imepita, lakini magofu ya majengo yake yangali yamesimama visiwani, na jina lake bado linatajwa kama mfano wa dhuluma.

Orkney na Shetland ziko kaskazini ya Uskoti, kwenye njia ya bahari iendayo Norwei. Kwa karne nyingi zilikuwa mali ya ufalme wa Norwei, na Uskoti ilizipata kwa rehani. Mwaka 1468 Mfalme Christian wa Kwanza, aliyetawala Denmark na Norwei, alikubali kumwoza binti yake Margaret kwa James wa Tatu wa Uskoti. Kwa desturi yao, mali ya ndoa hutolewa na upande wa bibi harusi. Christian hakuwa na fedha mkononi, akaiweka Orkney rehani kwa florini 50,000. Mwaka uliofuata akaongeza Shetland kwa florini 8,000. Rehani hiyo haikukombolewa kamwe.

Bendera ilibadilika, lakini wenyeji walibaki na sheria zao za Kinorwe. Mkulima alimiliki shamba la babu zake bila hati na bila kabaila juu yake, na watoto wake waligawana urithi. Huko Uskoti mambo yalikuwa kinyume: ardhi ilitoka kwa mfalme kupitia makabaila, na asiye na hati alikuwa hatarini. Tofauti hiyo ndiyo iliyowapa akina Stewart mwanya.

Baba yake Patrick, Robert, alikuwa mtoto wa nje ya ndoa wa Mfalme James wa Tano, na ndugu wa baba mmoja wa Malkia Mary. Alipewa cheo cha Earl wa Orkney mwaka 1581, akajijengea kasri huko Birsay. Alipofariki mwaka 1593, Patrick alirithi cheo, ardhi na tamaa ya makuu.

Karibu na mwaka 1600 Patrick alijenga ngome ya ghorofa kadhaa kando ya bandari ya Scalloway, Shetland. Mwaka 1607 alianza kasri jingine mjini Kirkwall, Orkney, jirani na Kanisa Kuu la Mtakatifu Magnus. Ukumbi wake mkubwa na madirisha yake yaliyotokeza nje vinalifanya lihesabiwe hadi leo miongoni mwa majengo mazuri ya zama hizo nchini Uskoti. Fahari hiyo ilimzamisha katika madeni, na mzigo ukawaangukia raia.

Alishtakiwa kwamba aliwafanyisha watu kazi ya mawe na ujenzi bila ujira, alitwaa mashamba, alijitungia sheria na kuwazuia watu kuvuka bahari bila ruhusa yake. Hata hivyo, si mahasimu wake wote waliokuwa na mikono safi. Laurence Bruce, ndugu wa kambo wa Robert na mjenzi wa ngome ya Muness, alikuwa amelalamikiwa na watu wa Shetland tangu mwaka 1577 kwa kuchezea vipimo vya kupimia kodi.

Aliyefikisha malalamiko kwa mfalme kwa nguvu zaidi alikuwa Askofu James Law. Mwaka 1609 Patrick aliwekwa kizuizini. Mwaka 1611, wakati kesi yake ikiendelea, Baraza la Mfalme lilipiga marufuku sheria za kigeni visiwani, yaani zile za Kinorwe.

Akiwa kifungoni, Patrick hakukata tamaa. Mwaka 1614 mwanawe Robert, naye wa nje ya ndoa, aliongoza uasi na kuiteka ngome ya Kirkwall. Mfalme akamtuma George Sinclair, Earl wa Caithness, aje na mizinga. Ngome hiyo ilikuwa imejengwa na Henry Sinclair, babu wa ukoo wake, wakati akina Sinclair walipokuwa watawala wa Orkney. George aliizingira kwa wiki kadhaa, waasi wakasalimu amri, na kuta za mababu zake zikabomolewa.

Robert alinyongwa mwezi Januari 1615, na zamu ya baba yake ikafuata. Inasimuliwa kwamba kifo cha Patrick kiliahirishwa kwa siku chache ili ajifunze Sala ya Bwana, kwa kuwa hakuijua.

Wanavisiwa walimwona dhalimu wao akianguka, lakini hawakurudishiwa walichokuwa nacho kabla yake. Sheria iliyomlinda mkulima asiye na hati ilifutwa na utawala uleule uliodai kumwokoa. Kodi ziliendelea kukusanywa, safari hii kwa niaba ya mfalme, na mwaka 1643 visiwa vikakabidhiwa kabaila mwingine kutoka bara, Earl wa Morton. Kwa mkulima wa Shetland, aliyebadilika ni mpokeaji wa kodi tu.