Mwalimu Nyerere na Hatua Ndogo za Uhuru

Ndugu msomaji, mkazi wa Chamazi hayuko mbali na vilima vya Pugu. Huko ndiko alikofundisha Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, mzaliwa wa Butiama wa mwaka 1922, na kutoka huko alikuwa akija mjini, mwendo wa kilomita 20 hivi, kwa ajili ya kazi za chama. Wengi huikumbuka tarehe 9 Desemba 1961 peke yake, kana kwamba uhuru ulishuka kwa usiku mmoja. Napenda uzitazame siku zilizoitangulia.

Tarehe 7 Julai 1954 watu 17 walikutana katika nyumba moja ya New Street, ambayo sasa ni Mtaa wa Lumumba, wakaunda TANU. Siku hiyo hawakupata kitu ila jina na katiba. Hata hivyo chama kiliienzi siku hiyo, na baadaye taifa zima likaiadhimisha kwa jina la Sabasaba. Machi 1955 Mwalimu alikwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Alirejea bila ya kupewa tarehe ya uhuru, lakini watu walimlaki kwa shangwe. Nao walikuwa na haki, kwani madai ya chama chao yalikuwa yamefika mbele ya mataifa. Mwezi uo huo aliacha ualimu, na mshahara wake pia.

Mtihani mzito ulikuja Tabora, Januari 1958. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imetoa uchaguzi wenye masharti: mpiga kura awe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Tena achague watu watatu kwa pamoja: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wajumbe wengi waliona kuwa hilo ni tusi, wakataka kususia. Fikiri, msomaji, ugumu wa kuwaomba watu waliodharauliwa wapite katika mlango mwembamba waliofunguliwa na yule yule aliyewadharau! Nyerere aliwaonyesha kwamba kususia ni kuwaachia wapinzani wao, UTP, viti vyote bure. Hoja yake ilipita, lakini kwa gharama: Zuberi Mtemvu alijitenga, akaunda chama chake.

Uchaguzi ukafanyika Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea waliosimama kwa msaada wa TANU, wa rangi zote tatu, wakashinda. Mwaka 1960 Sheikh Kaluta Amri Abedi akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Agosti TANU ikapata viti 70 kati ya 71, na Septemba Nyerere akawa Waziri Kiongozi. Machi 1961, baada ya mkutano wa katiba katika Ukumbi wa Karimjee, watu walimbeba mabegani. Tarehe 1 Mei yakaja Madaraka.

Huenda mtu akasema sherehe zilikuwa nyingi mno. Mimi sikubali. Mkulima hushukuru mvua ya kwanza, wala haachi jembe kwa sababu hiyo.

Tazama alivyofanya Mwalimu mwenyewe. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya bendera kupandishwa, alijiuzulu Uwaziri Mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda mikoani kukijenga chama.