McIndoe, Daktari wa Waliochomwa na Moto

Mwaka jana dada yangu mdogo alimwagikiwa na uji moto mkononi. Mama alikuwa sokoni. Mimi ndiye niliyempaka dawa ya meno, nikidhani nimemsaidia. Kidonda kilikauka juu, nikafurahi. Siku ya nne mkono ulikuwa umefura, wekundu umepanda hadi kiwiko, usaha unanuka na mtoto ana homa. Ama kweli, mdharau mwiba mguu huota tende! Muuguzi alimwosha kwa maji ya chumvi, daktari akampa dawa. Nilipouliza kwa nini maji ya chumvi, nikasikia habari za Archibald McIndoe.

McIndoe alizaliwa Dunedin, New Zealand, tarehe 4 Mei 1900. Alisomea udaktari huko na Marekani, kisha akahamia Uingereza. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka mwaka 1939 alipelekwa East Grinstead kuwatibu marubani walioungua nyuso na mikono ndani ya ndege.

Siku hizo madaktari walipaka asidi ya taniki ili kidonda kifanye gamba gumu. Nje kilionekana kikavu, kumbe chini ya gamba usaha unajaa na vidole vinajikunja. McIndoe akagundua kwamba marubani walioangukia baharini walipona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu. Basi akaipinga asidi ile, akawa anawaogesha wagonjwa katika maji ya chumvi yenye joto la mwili. Bandeji zilijitoa zenyewe bila kuchubua, uchafu ukaoshwa, ndipo akapandikiza ngozi mpya. Pia aliwaomba wenyeji wa mji wawakaribishe vijana hao bila kuzikodolea macho sura zao. Mwaka 1941 wagonjwa wake wakaunda chama chao.

Tena huyu si mgeni kwetu. Alikuwa na shamba karibu na Mlima Kilimanjaro. Mwaka 1957 yeye, Michael Wood na Thomas Rees walianzisha huduma ya madaktari wa ndege, ambayo leo ni AMREF. Ndege zake bado huruka kutoka Uwanja wa Wilson, hapa hapa Nairobi. Alifariki London tarehe 11 Aprili 1960, akiwa na miaka 59.

Ndugu msomaji, mtu akiungua mwagie maji safi ya bomba kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno, mayai wala mafuta. Ukiona wekundu unaenea, uvimbe, usaha, harufu mbaya au homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Maji ya chumvi mwachie muuguzi.

Dada yangu amepona, lakini kovu liko. Kila nikiliona nakumbuka gamba lile kavu lililonidanganya.