Isaac Singer: mtu aliyeacha jina lake kwenye cherehani cha bibi

Ukipita Tandika au Mbagala upande wa Temeke, au Tandale na Mwananyamala upande wa Kinondoni, hukosi kumwona fundi amekaa barazani na cherehani cheusi cha chuma. Maandishi ya rangi ya dhahabu yamefifia, lakini jina bado linasomeka: Singer.

Vijijini nako vyerehani hivyo vipo, mara nyingi vya kurithi kutoka kwa bibi au babu. Wengine huvisaka kwa makusudi. Hukinunua kikiwa na kutu, hukisafisha, hukitia mafuta, kisha huanza kuhangaika Kariakoo kutafuta vifaa vyake: bobini, sindano, kimguu cha kukunjia pindo. Kifaa kimoja kinaingia mara moja, kingine kinakataa katakata.

Je, huyu Singer alikuwa nani? Na kwa nini bobini iliyotengenezwa China leo inaweza kufanya kazi ndani ya cherehani kilichotengenezwa Uskochi miaka ya 1940?

Kijana aliyependa maigizo

Isaac Merritt Singer alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1811 katika jimbo la New York, Marekani. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani. Wazazi wake waliachana akiwa bado mtoto, naye akaondoka nyumbani akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Shule hakusoma sana. Alijifunza ufundi wa mashine, lakini moyo wake ulikuwa kwenye maigizo ya jukwaani.

Mwaka 1839 alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi kulindwa kisheria, kwa mashine ya kutoboa miamba. Aliiuza kwa dola 2,000, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Badala ya kufungua karakana, aliunda kikundi chake cha maigizo na kuzunguka nacho miji mbalimbali kwa miaka kadhaa. Fedha ziliisha, kikundi kikavunjika, akarudi kwenye vyuma akiwa hana kitu.

Karakana ya Boston

Mwaka 1850, akikaribia miaka 39, Singer alikuwa Boston kwenye karakana ya fundi aitwaye Orson Phelps. Humo mlikuwa na vyerehani vya kampuni nyingine vilivyoletwa kutengenezwa kwa sababu vilikuwa vinaharibika kila mara. Singer akavichunguza na kuona kasoro zake.

Katika vyerehani hivyo, kile kifaa kinachobeba uzi wa chini kilikuwa kinazunguka duara, na kila mzunguko ulisokota uzi na kuudhoofisha. Singer alipendekeza kiende mbele na kurudi nyuma kwa mstari mnyoofu. Sindano nayo iwe imenyooka, ipande na kushuka. Kitambaa kilale juu ya meza, na kimguu kikibane kisiinuke pamoja na sindano. Msikilizaji, ukitazama cherehani cha jirani yako leo utaona sindano hiyo, meza hiyo na kimguu hicho.

Tarehe 12 Agosti 1851 alipata hataza ya cherehani chake. Kilishona nyuzo 900 kwa dakika, wakati mshonaji hodari wa mkono alifikisha kama 40. Kwa hesabu za miaka ile, shati la mwanamume lililochukua zaidi ya saa 14 kulishona kwa mkono lilimalizika kwa saa moja na robo hivi.

Hakuwa wa kwanza

Wengi hudhani Singer ndiye aliyebuni cherehani. Sivyo. Nchini Ufaransa, fundi Barthélemy Thimonnier alikuwa na karakana ya vyerehani takriban 80 mjini Paris, vikishona sare za askari. Mwaka 1831 washonaji wa mkono, wakihofia kukosa riziki, waliivamia na kuvivunja. Mjini New York, Walter Hunt alitengeneza cherehani cha nyuzi mbili katika miaka ya 1830 lakini hakukiombea hataza wakati huo. Elias Howe ndiye aliyepata hataza ya ushonaji wa namna hiyo mwaka 1846.

Howe alimshtaki Singer na wenzake kwa kutumia uvumbuzi wake bila kumlipa. Mwaka 1854 Singer alisalimu amri na kukubali kulipa. Miaka miwili baadaye, kampuni kubwa zilizokuwa zikishtakiana zilikubaliana kuweka haki zao chungu kimoja. Howe akawa anapata fungu lake kila cherehani kilipouzwa.

Kwa wenzake wa karibu Singer hakuwa mtu wa kuaminika. Phelps, mwenye karakana, aliondolewa mapema katika ushirika. George Zieber, aliyetoa fedha za kuanzia, aliugua. Kama alivyosimulia baadaye, Singer alimfanya aamini kwamba hatapona, naye akauza fungu lake kwa dola 6,000. Alipopona, biashara ilikuwa imeshatoka mikononi mwake.

Kulipa kidogo kidogo

Aliyebaki na Singer ni mwanasheria Edward Clark. Cherehani kilikuwa kinauzwa zaidi ya dola 100, na familia ya kawaida ya Marekani ilipata kama dola 500 kwa mwaka mzima. Nani angeweza kutoa fedha hizo kwa mkupuo?

Mwaka 1856 Clark alianzisha mpango wa mnunuzi kutanguliza fedha kidogo, kuchukua cherehani nyumbani, na kulipa kilichobaki mwezi kwa mwezi. Asiyemaliza alinyang'anywa. Mpango huo tunaujua vizuri hata huku kwetu, kwenye pikipiki na taa za sola. Mwaka 1853 kampuni ilikuwa imeuza vyerehani 810 tu. Mwaka 1876 iliuza zaidi ya 262,000.

Utajiri na aibu

Singer alitajirika, lakini nyumbani kwake kulikuwa na fujo. Alikuwa na familia kadhaa kwa wakati mmoja, nyingine bila kujua habari za wenzao. Kwa ujumla alizaa watoto 24 na wanawake watano. Mwaka 1860 mambo yalifichuka mjini New York, akakamatwa kwa tuhuma za kuoa mke wa pili kinyume cha sheria. Alipoachiwa kwa dhamana alikimbilia Ulaya.

Mwaka 1863 ushirika wake na Clark ulivunjwa, ikaundwa kampuni mpya iliyobeba jina la Singer huku yeye mwenyewe akiwa hana usukani. Alioa tena na kuhamia kusini magharibi mwa Uingereza, akajenga jumba kubwa mjini Paignton. Alifariki tarehe 23 Julai 1875, akiacha mali ya dola milioni 13 hivi na ugomvi wa mirathi.

Vifaa vilivyokuja kufanana

Jambo ambalo huwashangaza wengi ni hili: vyerehani vya enzi ya Singer mwenyewe vifaa vyake havikubadilishana. Kila kipande kilipigwa tupa na fundi mpaka kikae kwenye mashine yake. Ukichukua kipande cha cherehani kimoja ukitie kwenye kingine, kinakataa. Kampuni ilijifunza polepole, hasa baada ya kifo chake, kutengeneza vipande vya kipimo kimoja.

Mwaka 1885 kiwanda kikubwa kilifunguliwa Kilbowie, Clydebank, nchini Uskochi. Kufikia mwaka 1913 kilikuwa kinatoa zaidi ya vyerehani milioni moja kwa mwaka, na kilifungwa mwaka 1980. Vyerehani vingi vilivyofika nchi zilizotawaliwa na Waingereza vilitoka huko. Herufi K katika jina kama 15K inamaanisha Kilbowie.

Aina ya 15 ndiyo iliyoenea kuliko zote. Baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Japani viliiga umbo na vipimo vyake, na China na India nazo zikatoa vyerehani vya namna hiyo. Cherehani cha Butterfly cha kukanyaga, kinachojulikana sana Tanzania, ni cha ukoo huo. Ndiyo maana bobini yake inaingia kwenye Singer 15 ya zamani.

Kabla hujalipia kifaa

Kama unacho cherehani cha zamani au unataka kukinunua, kwanza tazama namba iliyogongwa kwenye kitako, upande wa kulia. Yenye herufi mbele ni ya kuanzia mwaka 1900. Yenye tarakimu tupu ni ya kabla ya hapo.

Pili, fungua sehemu ya uzi wa chini. Ukikuta kifaa chembamba kama kimtumbwi, na bobini ndefu ndani yake, hicho ni aina ya 27, 28 au ndugu zao wa zamani. Bobini ya mviringo haitaingia kamwe. Ukikuta bobini ya mviringo, itazame ubavu. Ya aina ya 15 ni bapa, ya aina ya 66 imebinuka kidogo pande zote mbili. Machoni zinafanana, lakini ukizichanganya uzi utakwama.

Tatu, sindano. Ya kawaida ya vyerehani vya nyumbani, iitwayo 15x1, inafaa aina za 15, 27, 28 na 66. Cherehani cha aina ya 12 kinahitaji sindano yake ya kale, ambayo ni adimu sana. Hicho ni cha kutazama zaidi kuliko cha kazi.

Nne, kimguu. Kwenye aina ya 15 hufungwa kwa skrubu ya pembeni. Baadhi ya aina ya 66 za mwanzo hukifunga kwa nyuma, na vimguu vya kawaida havikai humo.

Kwa hiyo unapomtuma mtu mjini, usimtume kwa jina la Singer peke yake. Mpe bobini ya zamani, sindano ya zamani na namba ya cherehani, aende navyo mkononi mpaka dukani.