Kalala Ilunga, mfalme aliyeokolewa na mpiga ngoma na mganga

Ukiita jina la Ilunga katikati ya makamyo ya Kasumbalesa, mpakani mwa Congo na Zambia, watu kadhaa watageuka. Wengi huko Katanga wana jina hilo. Mwenye sifa kuliko wote ni Kalala Ilunga, ambaye Baluba wanamhesabu kuwa mwanzilishi wa ufalme wao, karne nyingi zilizopita.

Vijana wa leo wanamjua zaidi Doctor Strange, mganga wa katuni za Marekani, aliyeungana na Hulk na Namor mwaka 1971 katika kundi la Defenders. Lakini wazee wa Kiluba walikuwa na kundi lao tangu zamani.

Kalala Ilunga alikuwa mtoto wa Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, na Bulanda, dada ya mfalme Nkongolo Mwamba. Mbidi alirudi kwao, mtoto akakulia kwa mjomba wake. Nkongolo alikuwa mkali na mwenye kumwaga damu. Mpwa alipomshinda katika michezo, wivu ukamwingia.

Nkongolo akachimba shimo, akasimamisha mikuki ndani, akalifunika kwa mkeka, kisha akamwita kijana aje kucheza ngoma. Kahia, mpiga ngoma, akamwonya kwa mdundo. Kalala Ilunga akachoma mkeka kwa mkuki, akaona mtego, akakimbia hadi ng'ambo ya mto Lualaba.

Mganga Mijibu wa Kalenga naye alikuwa upande wake. Inasimuliwa kwamba Nkongolo alimpandisha mahali pa juu ili amwite kijana arudi, lakini Mijibu akatoroka kwa nguvu za dawa zake. Baadaye Kalala Ilunga alirudi na jeshi kutoka kwa baba yake. Nkongolo akajificha katika mapango, akakamatwa, akakatwa kichwa.

Chini ya mfalme mpya, waganga hawakusahauliwa. Bilumbu, wapiga ramli wa Kiluba, wanamhesabu Mijibu kuwa babu yao. Nao watu wa chama cha Mbudye walihifadhi historia hiyo katika lukasa, ubao wenye shanga unaosomwa kwa vidole.

Mbao nyingi za namna hiyo ziko leo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mtoto wa Kasumbalesa anayeitwa Ilunga hawezi kuzigusa. Kwake, habari hii inabaki mdomoni mwa wazee wa nyumbani, kama bado wanamsimulia.