Emin Pasha, Tabibu wa Wadelai

Katika Oli mjini Arua, na huko Koboko, zimo nyumba za Wanubi ambao wazee wao walikuwa askari wa Emin Pasha. Si vibaya basi watoto wao kujua bwana huyo alikuwa mtu gani, na kazi ipi iliyomridhisha moyo.

Alizaliwa mwaka 1840 katika mji wa Oppeln, nchi ya Silesia, jina lake Eduard Schnitzer. Alihitimu udaktari mwaka 1864, lakini kwao hakupata ruhusa ya kuifanya kazi hiyo. Akaenda katika Dola ya Uturuki, akawa tabibu wa karantini bandarini Antivari, akajifunza Kituruki na Kiarabu. Alipofika Khartoum mwisho wa mwaka 1875 alijulikana kwa jina la Emin, akaishi kama Mwislamu. Ya moyoni anayajua Mwenyezi Mungu.

Mwaka 1876 Gordon alimwita Lado awe tabibu mkuu wa jimbo la Equatoria, na mwaka 1878 akafanywa gavana wake. Hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mwembamba, macho yake mafupi, na vita hakuvipenda. Alijaliwa subira, na hamu ya kukichungua kitu kidogo mpaka akijue. Alitibu wagonjwa, akaandika habari za mvua na joto, akachuna ndege kwa mkono wake mwenyewe na kuwapeleka kwenye makumbusho ya Ulaya. Yuko shomoro mmoja mwekundu-kahawia ambaye tangu mwaka 1880 wataalamu humwita kwa jina la Emin Bey.

Khartoum ilipotekwa na jeshi la Mahdi Januari 1885, Emin alihamia kusini hadi Wadelai, ukingoni mwa Nile. Nguo hazikuja tena, wala mishahara. Watu wake wakalima pamba, wakasokota na kufuma wenyewe. Katika shida ile subira yake ilifaa sana.

Kuamuru maofisa wenye hofu kulitaka tabia nyingine. Stanley alipofika mwaka 1888 kumchukua, Emin alisitasita. Maofisa wakaogopa kupelekwa nchi wasiyoijua. Agosti wakaasi, wakamfunga Dufile. Si haki kuwalaumu wao peke yao, maana gavana hakuwapa neno lililo wazi. Novemba ile ile askari hao hao walipigana na watu wa Mahdi pale Dufile, wakawarudisha nyuma.

Aprili 1889 Emin akafuatana na Stanley kwenda pwani. Wengi wakabaki nyuma na Selim Bey karibu na Ziwa Albert, mpaka Lugard alipowachukua mwaka 1891.

Bagamoyo, usiku wa karamu ya Desemba 1889, Emin alianguka kutoka juu kwa ubovu wa macho yake, akaumia kichwa vibaya. Alipopona hakurudi kwao. Aliingia utumishi wa Wadachi, akarudi bara, akajenga boma la Bukoba mwaka 1890, kisha akashika tena njia ya magharibi. Oktoba 1892, huko Kinena katika Kongo, waliotumwa kumwua walimkuta amekaa mezani, anaandika, na ndege aliowakusanya wako mbele yake.