Mfanyabiashara Mweusi Aliyeanzisha Chicago

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nathubutu kuongeza kwamba hata mwanadamu, akikosa wa kumwandika, hupotea vivyo hivyo. Leo namkumbuka mtu aliyenusurika kusahauliwa kwa kuwa siku moja aliuza mali yake, na mauzo hayo yakatiwa katika hati. Naye ni Jean Baptiste Point du Sable, mwanzilishi wa mji wa Chicago nchini Marekani.

Katika karne ya 18, nchi iliyolizunguka Ziwa Michigan ilikuwa mikononi mwa wenyeji wake wa asili, wakiwamo Wapotawatomi. Wageni waliozoeana nao zaidi walikuwa wachuuzi wenye asili ya Ufaransa. Hao walisafiri mitoni kwa mitumbwi, wakibadilishana nguo, visu na masufuria kwa ngozi za manyoya, na wengi wao walioa humo humo. Point du Sable alikuwa mmoja wao. Alisema Kifaransa na alifuata dini ya Kikatoliki, lakini alikuwa mtu mweusi. Wengi husema alizaliwa Haiti, ingawa hakuna cheti kinachothibitisha.

Mwaka 1779, wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, Waingereza walimkamata katika eneo ambalo sasa ni jimbo la Indiana, wakimshuku kuwaunga mkono waasi. Hata hivyo, mwenendo wake uliwapendeza waliomfunga, na kuanzia 1780 wakamkabidhi usimamizi wa shamba lililokuwa kando ya Mto St. Clair. Baadaye, katika miaka hiyo ya 1780, alifanya maskani penye mlango wa Mto Chicago. Hapo palikuwa kinamasi, lakini kila mtumbwi uliotoka ziwani kuelekea Mto Mississippi ungeweza kupita mbele ya nyumba yake.

Mkewe alikuwa Kittihawa, binti wa Kipotawatomi, na mwaka 1788 ndoa yao ilibarikiwa kanisani huko Cahokia. Walijaliwa mwana, Jean, na binti, Susanne. Naamini kwamba bila undugu huo wa ukweni, mgeni huyo asingepata ardhi wala wateja.

Mwaka 1800 aliuza mali yake yote ya Chicago kwa livre 6,000, na mnunuzi akawa Jean La Lime. Hati ya mauzo haitaji kibanda cha mchuuzi mnyonge. Inataja nyumba ya futi 40 kwa 22, kinu kilichoendeshwa na farasi, jiko la kuokea mikate, mahali pa kutengenezea maziwa, banda la kuku, ng'ombe na nguruwe. Huo ulikuwa mji mdogo wa mtu mmoja.

Alihamia St. Charles, katika jimbo la sasa la Missouri. Uzee ulipomwelemea, alimwachia nyumba mwanamke mmoja wa huko kwa sharti kwamba amtunze na ahakikishe anazikwa katika makaburi ya Wakatoliki. Alifariki tarehe 28 Agosti 1818. Padre aliyeandika kifo chake alimtambulisha kwa rangi yake tu, bila kutaja kwao, wazazi wake wala kazi yake.

Kwa miaka mingi sifa za mkazi wa kwanza wa Chicago alipewa John Kinzie, Mzungu aliyefika mwaka 1804 na kukaa katika nyumba ile ile iliyojengwa na Point du Sable. Kumbe Kinzie mwenyewe alikuwa shahidi wa mauzo ya mwaka 1800! Hati hiyo ilipopatikana Detroit mwaka 1913, dai hilo lilikosa mguu wa kusimamia. Hata hivyo, karatasi peke yake haikutosha. Katika miaka ya 1930 wanawake weusi wa Chicago walipigania jina lake litajwe katika maonyesho makubwa ya mji huo. Mwaka 2021 barabara mashuhuri ya kando ya ziwa ikaongezewa jina lake.

Nafurahi kwamba haki imetendeka, lakini furaha yangu haijakamilika. Kittihawa hana hati iliyoorodhesha alichojenga. Watu wake nao, kwa mkataba wa mwaka 1833, walilazimika kuiacha nchi yao ya Chicago na kwenda magharibi. Kwa hivyo, tunapouliza ni nani aliyeujenga mji, tusiridhike na jina la mwenye hati. Tumuulize pia aliyempokea mgeni, akampa pa kulala na kumjulisha kwa jamaa zake. Huyo ndiye ambaye daftari humsahau kwanza.